Tumelipa milioni 30, deni limepungua milioni 4 tu. Nilipe lililobaki kwa siri?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mume wangu ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha. Miaka mitatu iliyopita tulichukua mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 60 kwa majina yetu wote wawili, riba asilimia 15, muda miaka 15, tukanunua nyumba Kigamboni. Rejesho ni karibu 840,000 kwa mwezi, linakatwa kwenye mshahara wake. Mimi nabeba chakula, ada na umeme.*

*Juzi niliomba taarifa ya mkopo. Tumeshalipa zaidi ya milioni 30, lakini deni bado ni karibu milioni 56! Nililia palepale benki. Nina milioni 5 ambazo mume wangu hazijui: tatu nilizipata kikoba kilipovunjwa Desemba, mbili ni za kushona mapazia. Nataka nizipeleke benki kimyakimya, niendelee hivyo kila mwaka, nimwambie siku deni likiisha. Naye ana lake. Benki imemwambia anaweza kuongezewa mkopo anunue gari, na fomu ya ridhaa ya mke ameileta nyumbani niisaini. Wiki ya pili sasa namwambia sijaisoma. Tena anasema lazima amjengee mama yake chumba na choo huko Same kabla ya masika. Shangazi, nilipe kwa siri, au nisaini yaishe?*

*Mama Wawili, Kigamboni*

Marahaba mwanangu. Usisaini bado, na wala usilipe kwa siri. Sasa keti tuongee.

Nianze na machozi ya benki, maana naona umerudi nyumbani ukiamini mmeibiwa. Hamkuibiwa. Riba ya mkopo wenu inahesabiwa kwenye salio la deni. Mwezi wa kwanza mlidaiwa milioni 60. Asilimia 15 kwa mwaka ni asilimia 1.25 kwa mwezi, yaani 750,000. Mkalipa 840,000, riba ikachukua 750,000 yake, deni la msingi, yaani fedha yenyewe mliyokopa, likaambulia 90,000. Mwezi wa pili riba ikashuka kwa shilingi 1,100 hivi. Ndivyo mlivyokwenda kwa miaka mitatu, na ndiyo sababu milioni 30 zimepita mkononi mwenu na deni limepungua milioni 4 tu. Mkienda mwendo huo hadi mwisho, mtakuwa mmelipa kama milioni 151 kwa mkopo wa milioni 60.

Mume wako ni mhasibu, hesabu hii anaijua. Lakini kuijua kazini kwenye vitabu vya watu ni kitu kimoja, na kuiona kwenye karatasi yenye jina lako ni kingine. Nina hakika hajaiangalia karatasi hiyo tangu siku mliyokabidhiwa funguo.

Hesabu hiyohiyo inayowaumiza ndiyo itakayowatoa. Leo riba ya mwezi ni kama 700,000, kwa hiyo rejesho lenu linapunguza deni la msingi kwa 140,000. Mkiongeza 150,000 juu yake, riba ya mwezi huo imeshalipwa, hivyo nyongeza yote inaangukia kwenye deni la msingi. Mwezi huo mmepunguza deni mara mbili na zaidi ya kawaida yenu. Nimepiga hesabu nikarudia: mkiongeza 150,000 kila mwezi kuanzia sasa, na riba ikibaki hapohapo, miezi 144 iliyobaki inakuwa 99. Mkianza kwa kupeleka pia milioni 2.5 kwa mkupuo, inakuwa 91. Hapo mmeokoa zaidi ya miaka minne, na kama milioni 29 ambazo zingekwenda kwenye riba. Kumbe kila shilingi mnayoiwahisha kwenye deni hili ni sawa na kuiweka mahali panapokupa asilimia 15 kwa mwaka bila kukatwa kodi. Sehemu ya namna hiyo isiyo na wasiwasi ndani yake haipatikani kirahisi.

Utaniuliza kwa nini nimesema milioni 2.5 na wewe unazo 5. Kwa sababu hujaniandikia popote kwamba mna akiba. Rejesho linategemea mshahara wa mtu mmoja, katika kampuni binafsi. Siku akiambiwa kazi imesimama, benki haitakumbuka kwamba Januari mlizidisha malipo. Itadai la mwezi huo. Marejesho ya miezi mitatu ni milioni 2.5 na kidogo. Basi zile 2.5 zinazobaki ziwekeni mahali mnapoweza kuzitoa ndani ya siku chache, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwa makubaliano kwamba haziguswi kwa harusi wala kipaimara. Fedha ikishaingia kwenye mkopo wa nyumba haitoki tena. Ukiihitaji utaikopa upya, kwa riba.

Kuna jambo nataka ulishike kwa mikono miwili, kwa sababu lilinikuta. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na mkopo wa nyumba, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa napeleka 100,000 ya ziada. Napanga foleni, najaza karatasi ya kuweka fedha, nachukua risiti, naitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Kopo likawa na risiti 14. Siku moja nikaomba kuona deni limefikia wapi. Yule kijana wa kaunta akanigeuzia kioo cha kompyuta, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasema kwa upole kabisa, "Mama, hizi hela zako zipo. Hazijaingia kwenye mkopo, zimekaa kwenye akaunti." Milioni moja na laki nne zilikuwa zimelala pale zaidi ya mwaka, huku deni likiendelea kuzaa riba kana kwamba sijaleta kitu. Sikuwa nimeandika barua. Hakuna aliyeniambia inaandikwa barua.

Wewe andika. Kabla hujapeleka hata shilingi, chukua mkataba wenu usome kipengele cha kulipa kabla ya muda: kuna ada? Ni asilimia ngapi? Inatozwa kwa malipo ya sehemu, au mkimaliza deni lote tu? Kama ada ni kubwa kwa kila malipo, kusanyeni mpeleke mara moja au mbili kwa mwaka. Kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zilizotoka 2019 zinaitaka benki ikueleze gharama zake wazi, kwa hiyo usione haya kuuliza. Kisha barua, sahihi zenu wote wawili: fedha hii ipunguze deni la msingi, rejesho la mwezi libaki vilevile, muda ndio ufupishwe. Usipotamka hilo la muda, wanaweza kuacha miaka vilevile na kushusha rejesho. Mtapumua kidogo kila mwezi, lakini sehemu kubwa ya faida niliyokuhesabia hamtaipata. Nakala ya barua igongwe muhuri. Baada ya mwezi, dai ratiba mpya ya marejesho, uione kwa macho yako.

Na riba yenyewe, angalieni kama mkataba unairuhusu benki kuipandisha. Ikiruhusiwa, ndiyo sababu nyingine ya kutokungoja.

Sasa siri. Najua umeificha kwa nia njema, mwanangu, na wanawake wengi wa vikoba wameokoa nyumba zao kwa fedha ambazo hazikutangazwa. Sikulaumu hata kidogo. Lakini itazame picha nzima: wewe unavuta deni lishuke bila yeye kujua, na yeye yuko mbioni kulipandisha. Mwaka mzima utashona mapazia usiku, na sahihi moja ya mchana itafuta yote. Halafu mume akija kugundua kwamba kwa miaka mlikuwa mnalala kitanda kimoja na wewe una hesabu yako, hatafurahia ile zawadi. Atajiuliza ni nini kingine hakijui. Hilo nimelisoma kwenye barua nyingi zinazonifikia, na huwa halihusu tena fedha.

Kuhusu fomu: benki haikuombi sahihi kwa heshima tu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sahihi yako ina uzito, ndiyo maana usiitoe ili "yaishe", na usiifungie kabatini ukidai hujaisoma. Mwambie umeisoma na una maswali. Baada ya kuongezewa, miaka inaanza kuhesabiwa upya? Ikianza upya, ile mitatu mliyokwisha kulipa riba nzito mnairudia. Na gari litakuwa limechakaa mkingali mnalilipia kwa nyumba. Kama kweli analihitaji, na Kigamboni kwa mtu anayekwenda bandarini kila asubuhi na foleni ya kivuko najua si anasa, basi liwekewe akiba yake na mwaka wake. Lisipande juu ya hati ya nyumba.

Chumba cha mama mkwe ni habari nyingine, na hapa nakuomba usije ukakiweka kundi moja na gari. Mama mzee anayetoka nje usiku kutafuta choo wakati wa masika hawezi kungoja mkopo uishe. Ukilisema wewe kwanza, kabla yake, kwamba choo cha mama kijengwe mwaka huu na kiasi chake mkakiandika, utaona jinsi mazungumzo yanavyolainika. Anachokihofia mwanaume kwenye kikao cha fedha mara nyingi ni kwamba mipango ya kwao itafutwa. Choo kinaweza kuanza, chumba kikafuata mwakani. Kama itabidi nyongeza ya benki ianze na 80,000 badala ya 150,000 hadi choo kiishe, na ianze hivyo.

Hiyo 150,000 yenyewe msiigawe nusu kwa nusu kama mishahara haifanani. Kila mtu atoe kwa kipimo cha anachopata. Wewe usiache kikoba, maana kina mfuko wa jamii na watu watakaokuja siku ya msiba, ila hisa unaweza kuzipunguza. Na watoto waambieni kwa lugha yao. Najua familia iliyochora nyumba kwenye karatasi ya manila na kuigawa matofali ya deni. Kila milioni ikishuka, mtoto anapaka rangi tofali moja. Yule mdogo ndiye alikuwa anauliza mwisho wa mwezi, "Leo tunapaka?"

Chagua jioni ambayo hajatoka kwenye foleni. Weka mezani taarifa ya mkopo, kitabu chako cha kikoba na ile fomu, vyote vitatu. Anza na za kwako: "Nina milioni 5 ambazo sikukuambia." Mwache akasirike kidogo kama atakasirika. Kisha mpe karatasi ya benki na kalamu, umwombe akupigie hesabu yeye, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake na ataifanya vizuri kuliko mimi.

Na siku mtakapomaliza, barua ya kwamba hamdaiwi peke yake haitoshi. Rehani imeandikwa kwenye hati, na inapaswa ifutwe kwa Msajili wa Hati. Dai hati ya kuondoa rehani iliyosainiwa na benki, fuatilia isajiliwe, kisha mkaichukue hati yenu mkononi, mkiwa wote wawili. Niandikie siku hiyo.

Shangazi