Maswali ya Wasomaji: Faili Ni Lako, Mamlaka Ni ya Nani?

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka Mwanza na visiwa vyake zinagusa jambo moja kwa njia nne: mtu amenunua kifaa, ametunga wimbo, amelipia kitabu au amepakua programu, kisha akagundua kwamba mwenye kauli ya mwisho ni mwingine asiyemjua. Nimejibu kwa urefu pale ambapo hasara ya msomaji ni kubwa au utatuzi una hatua nyingi, na kwa ufupi penginepo.

Nina duka la steshenari Nyakato lenye kompyuta mbili za mezani za zamani. Fundi ameniambia kuwa Windows 10 imekwisha, na kwa kuwa mashine zangu hazipokei Windows 11, sina budi kununua mpya. Kijana wa chuo anayekuja kuchapisha kazi zake ananishauri niweke Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Naogopa kupoteza wateja. Nakiri pia kwamba programu za ofisi ninazotumia zimevunjwa kufuli. Nifanye nini? (Mama wa steshenari, Nyakato)

Mama, habari aliyokupa fundi ni ya kweli, ila ushauri alioujenga juu yake haulazimiki. Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa iliwaachia watumiaji wa kawaida njia ya kujiandikisha na kuendelea kulindwa hadi Oktoba 2026. Ni kweli vilevile kwamba Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, hivyo mashine nyingi zilizo madukani mwetu, ambazo zilifika Mwanza zikiwa zimeshatumika kwingine, zinaachwa nje. Hata hivyo, kompyuta zako hazikuharibika siku hiyo. Kilichokwisha ni ahadi ya kampuni, na inaniuma kuona mashine nzima, yenye kibodi na diski zinazofanya kazi vizuri, ikitupwa stoo kwa uamuzi uliofanyika mbali na mwenye mali.

Kijana wako amekushauri vema. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na ikaungana na kazi ya GNU, mradi wa kuunda mfumo huru wa kompyuta uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Stallman alishikilia kwamba mtumiaji wa programu awe na haki ya kuiendesha kwa kazi yoyote, kuchunguza jinsi inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuwagawia wengine nakala. Kutolipia ni nafuu tu inayofuata. Faida kubwa ni kwamba hakuna ofisi inayoweza kutangaza kuwa mashine yako imezeeka na wewe ukakosa pa kukimbilia. Toleo ninalopendekeza kwa duka kama lako ni Linux Mint, linaloendeshwa hata na kompyuta yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazofaa kwa kazi ya siku nzima.

Sasa nije kwenye hofu yako ya wateja. Sehemu kubwa ya kazi ya steshenari siku hizi inafanyika ndani ya kivinjari: maombi ya mikopo ya elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini, usajili wa majina ya biashara BRELA. Firefox na Chrome zinapatikana kwenye Linux, na huko hakuna kitakachobadilika. Uchapaji utafanywa kwa LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na hata kukagua tahajia ya Kiswahili. (Jamaa zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu iliyozaa LibreOffice, na kazi ile ilistahili kuendelezwa kwa nguvu kuliko ilivyopata.) Tatizo utakalokutana nalo ni la fonti. Mteja ataleta wasifu wake ulioandikwa kwa Calibri, na usipokuwa na fonti hiyo mistari itasogea, saini iende ukurasa wa pili, na mteja aseme umemharibia. Weka fonti iitwayo Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, na mistari itakaa mahali pake. Fonti za Liberation hufanya kazi hiyohiyo kwa Times New Roman na Arial. Anayekuja kuchapisha tu, mshauri alete PDF.

Kuna faida moja utakayoiona wiki ya kwanza. Bila shaka unawafahamu virusi wanaoficha folda za mteja ndani ya flashi na kuweka mahali pake njia za mkato, ili kila anayebofya avipeleke kwenye kompyuta nyingine. Flashi hiyo ukiichomeka kwenye Linux, njia hizo za mkato haziendeshi kitu, na folda halisi za mteja zipo palepale, tayari kunakiliwa. Wateja wanaoambiwa kila mahali kwamba kazi zao zimepotea watakushukuru.

Yapo yatakayokushinda, na ni haki uyajue mapema. Photoshop na CorelDRAW hazina matoleo ya Linux. GIMP na Inkscape ni programu nzuri, lakini mbunifu wa kadi za harusi aliyezoea CorelDRAW atahitaji muda kabla mkono wake haujawa mwepesi tena. Printa nazo hutofautiana: nyingi za HP hukubali bila shida, ilhali baadhi ya printa za leza za Canon za zamani husumbua. Kwa hiyo usifute chochote leo. Mwombe yule kijana aandae Linux Mint kwenye flashi, awashe kompyuta moja kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski, kisha mjaribu printa, skana na mafaili ya wateja wawili watatu. Yakikubali, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, uanze na mashine hiyo moja. Ya pili ibaki na kazi ya kadi hadi utakapoona njia.

Kuhusu programu zilizovunjwa kufuli, nakuomba uziache, na sababu yangu ya kwanza ni wateja wako kabla ya mwenye programu. Programu hizo mara nyingi hukutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kuziweka, na baada ya hapo hujui tena nani mwingine yumo ndani ya mashine. Kompyuta yako imebeba nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na namba za simu za nusu ya mtaa. Watu hao wamekuamini kwa karatasi za maisha yao.

Kwaya yetu ya Sengerema ilirekodi nyimbo katika studio moja mjini. Tulilipa gharama zote, ila hatukuandikiana mkataba. Sasa nyimbo ziko YouTube kwenye chaneli ya studio, na tulipoweka wimbo mmoja kwenye chaneli yetu tukaambiwa tunatumia kazi ya mtu mwingine. Wimbo nimeutunga mimi mwenyewe. (Mwalimu wa kwaya, Sengerema)

Mwalimu, mfumo uliowakataa haujui nani alitunga. YouTube hulinganisha sauti mpya na sauti zilizokwisha kuandikishwa, na aliyetangulia kuandikisha ndiye anayeaminiwa mpaka mwingine apinge. Kwa maoni yangu huo ni mpangilio unaompendelea mwenye mitambo dhidi ya mwenye kipaji, na wanaoumia zaidi ni kwaya na vikundi vya ngoma visivyo na mtu wa kushughulikia mambo hayo.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha haki za mtunzi, haki za waimbaji na haki za mwandaaji wa rekodi. Haki ya mtunzi huanza pale kazi inapoumbwa, bila kusubiri usajili, na hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo utunzi ni wako, na kubonyeza kitufe cha kurekodi hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Panapoweza kubishaniwa ni kwenye rekodi yenyewe, na hapo kutokuandikiana ndiko kunakowagharimu, ingawa kulipia kila kitu kunawapa hoja yenye nguvu.

Kusanya ushahidi: daftari lako la nota za tonic solfa lenye tarehe, risiti, ujumbe wa malipo ya simu, na mazungumzo yenu ya WhatsApp na studio. Kisha nendeni kwa mwenye studio ana kwa ana, kabla ya kubofya chochote, mkiwa na karatasi moja inayosema nyimbo ni za kwaya na studio itatajwa kama mrekodi. Mara nyingi jambo huishia hapo. Akikataa, pinga dai lake ndani ya YouTube, ambapo atakuwa na siku 30 za kujibu, na mwone pia afisa wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ombi rasmi la kuondoa nyimbo kwenye chaneli yake liwe hatua ya mwisho, kwani linafuata sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998, na chaneli inayopata maonyo matatu ndani ya siku 90 inaweza kufungwa kabisa. Silaha hiyo inaua riziki ya mtu, na anayeitumia kwa uongo hujiingiza hatiani.

Zaidi ya hayo, dai rekodi mama kwa mfumo wa WAV, yaani sauti isiyobanwa, kila sauti kwenye faili lake, soprano mbali na besi, na mhifadhi nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Chaneli yenu ifunguliwe kwa barua pepe ya kwaya, na nywila wawe nayo viongozi wawili. Nimeshuhudia vikundi vikipoteza kila kitu kwa sababu kijana aliyefungua chaneli kwa simu yake alihamia mkoa mwingine.

Nimenunua vitabu kadhaa vya kielektroniki. Rafiki yangu anasema si mali yangu. Ni kweli? (Mwanafunzi, Nansio, Ukerewe)

Kwa maduka mengi makubwa, rafiki yako yuko sahihi: umelipia ruhusa ya kusoma, na masharti uliyoyakubali yanasema hivyo. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha kuvilipia, baada ya kubaini kwamba aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Ilirudisha fedha na baadaye ikaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka, ingawa wanunuzi nao walirudishiwa fedha zao. Naona jambo hili si la haki. Kitabu cha karatasi kikivuka kwa kivuko hadi Nansio husomwa na ndugu watano na jirani, na hakuna mchapishaji anayekuja kukichukua. Ukiweza kuchagua, nunua kwa muuzaji anayekupa faili la EPUB au PDF lisilo na kufuli, ulihifadhi mwenyewe nje ya simu.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa Kirumba. Nilikopa shilingi 60,000 kwa programu ya simu. Nilipochelewa kulipa, walinitishia, kisha wakawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yangu, akiwemo mwenyekiti wa kikundi chetu na shemeji yangu, kwamba mimi ni tapeli. Wana haki hiyo? Nikifuta programu, wataacha? (Mama wa dagaa, Kirumba)

Pole sana, mama. Hawana haki hiyo. Deni ni deni na lina njia zake za kudaiwa, lakini aibu ya mtu si dhamana ya mkopo.

Kufuta programu hakutoshi, kwa sababu ulipobofya kukubali ombi la kusoma majina ya simu, orodha yote ilinakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta zao. Hata hivyo, ifute, ukianza kwa kuingia kwenye mipangilio ya simu na kuiondolea ruhusa zote, ili isiendelee kuchota namba mpya. Tangu mwaka 2023 Google imezikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye Play Store kusoma majina na picha za mkopaji. Programu inayoomba ruhusa hizo imevunja kanuni hiyo au imeingia kwenye simu yako kwa kiungo ulichotumiwa, nje ya duka hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, kwa hiyo angalia kama hiyo yako imo, na kama haimo, ulizia Benki Kuu, ambayo ina tawi hapo Mwanza, kama mkopeshaji huyo ana leseni.

Piga picha za skrini za kila ujumbe, namba na tarehe vikionekana, kabla ya kubadilisha chochote kwenye simu. Vitisho ulivyotumiwa vipeleke polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua. Kuhusu kuchukua na kutumia majina ya watu, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kiasi unachodaiwa kihalali kilipe kwa njia inayoacha risiti, na usilipe kwa namba binafsi ya mtu anayekupigia akifoka.

Zungumza pia na mwenyekiti na shemeji yako. Wao hawakukopa wala hawakukubali sharti lolote, na namba zao ni taarifa zao wenyewe, hivyo kila mmoja anaweza kulalamika kwa jina lake, hata kama wewe utakuwa umeshalipa deni. Waombe wasiufute ujumbe ule, hata kama unawaudhi kuuona.