Uzamivu wa teknolojia na biashara: anzia mezani kwa wakala

Msimu wa maombi ya vyuo ukikaribia, wadogo zangu huanza kuniandikia. Wanataka kusoma shahada ya uzamivu inayochanganya teknolojia na usimamizi wa biashara, na wengi huuliza ada ni kiasi gani, chuo kipi kina jina, na kama mtu aliyesomea kompyuta atapokelewa shule ya biashara. Atapokelewa, mradi uzamili wake uwe mzuri na awe na swali linaloeleweka. Hilo swali ndilo ninalotaka tulizungumze, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wenye akili nyingi wakikaa miaka bila kusogea.

Pendekezo ninaloletewa mara nyingi linahusu sababu zinazowafanya wafanyabiashara wadogo wa wilaya fulani watumie huduma za fedha kwa simu. Chini yake kuna modeli ya Fred Davis ya 1989, inayopima jinsi mtu anavyoona manufaa ya teknolojia na urahisi wa kuitumia, au ile ya Venkatesh na wenzake ya 2003 iliyounganisha modeli nane za kabla yake. Halafu linafuata dodoso la kuchagua namba, moja hadi tano. Modeli hizi ni kazi kubwa na lazima uzijue vizuri. Lakini M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania ikaingia 2008. Mama lishe analipwa kwa simu, bodaboda analipwa kwa simu. Ukienda leo kumuuliza kama ameikubali teknolojia hii, jibu unalo kabla hujachapisha dodoso, na mtahini naye analo.

Nenda kakae kwa wakala wa huduma za fedha kwa simu. Utafiti wangu ulifanyika kwa mawakala wa Kariakoo, na ningemshauri yeyote aanze hivyo hata kama mwishowe ataandika juu ya kitu kingine. Mezani kuna viswaswadu kadhaa, kila mtandao na simu yake, kuna daftari na droo ya noti. Mtaji wa wakala umegawanyika: sehemu ni noti zilizo kwenye droo, sehemu ni floti, yaani salio la pesa lililo kwenye simu. Mteja akitoa pesa, noti zinapungua na floti inapanda. Akiweka, inakuwa kinyume chake. Mwisho wa mwezi watu wanatoa mishahara, noti zinaisha. Wafanyabiashara wakija kuweka mauzo ya siku, floti inaisha. Na floti ya mtandao mmoja haimsaidii mteja wa mtandao mwingine, kwa hiyo wakala anaweza kuwa na pesa nyingi na bado akamwambia mtu, "Hapana, jaribu pale mbele."

Kuna wakala aliyekuwa akiandika kwenye kurasa za nyuma za daftari lake wateja wote aliowarudisha namna hiyo. Hakuandika majina, aliandika saa na kiasi tu. Nilipoziona kurasa zile nilielewa kwa nini taaluma hizi mbili zinahitajiana. Mfumo wa kampuni unarekodi kila muamala uliofanyika, hadi sekunde yake. Muamala ambao haukufanyika haumo. Mtaalamu wa data anayekadiria mahitaji ya floti kwa kutumia miamala peke yake atapata kiasi kilicho chini ya mahitaji yenyewe, na kosa litakuwa kubwa zaidi kwa wakala anayeishiwa mara nyingi, yaani yule anayehitaji msaada kuliko wote. Watu wa biashara wanaifahamu shida hii tangu zamani kwenye bidhaa za dukani, wanaita mauzo yaliyopotea. Lakini huwezi kuipima bila kuelewa mfumo unarekodi nini na unaacha nini. Hilo ni swali la uzamivu.

Mfano mwingine ni tozo za miamala za Julai 2021 hapa Tanzania. Programu hazikubadilika, menyu ilikuwa ileile, mtandao uleule, na bado watu wengi walirudi kwenye noti mpaka serikali ikapunguza tozo Septemba mwaka huohuo. Ukiisoma teknolojia bila bei na sera, mwezi ule huwezi kuueleza kabisa.

Kwa mliotoka kwenye uprogramu: najua mnatamani kujenga mfumo, na inawezekana. Ipo njia ya utafiti inayoruhusu hivyo, iliyofafanuliwa vizuri na Hevner na wenzake mwaka 2004. Sharti lake ni kwamba ulichokijenga kitatue tatizo halisi, kipimwe, na kiache ujuzi ambao mwingine anaweza kuutumia mahali pengine. Kusema mfumo unafanya kazi hakutoshi.

Omba wasimamizi wawili, mmoja wa kila upande, na tangu mapema waombe wakutane chumba kimoja. Wa kompyuta atakuuliza usahihi wa modeli yako, wa biashara atakuuliza nadharia yako iko wapi. Wakikuuliza kwa nyakati tofauti utaandika sura ileile mara nyingi. Baada ya kila kikao waandikie mlichokubaliana, uhifadhi na majibu yao.

Vibali vianze mapema. Barua ya chuo hupita kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka wilayani na kwenye kata hadi serikali ya mtaa, na wakala ana haki ya kukataa kuzungumza nawe kama huna barua. Data za kampuni usizitegemee kama nguzo pekee ya tasnifu. Zinahusu watu, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika. Uwe na mpango unaosimama hata kampuni ikikataa.

Kabla hujamwandikia msimamizi yeyote, andika ukurasa mmoja: nani anapoteza pesa, anaipoteza wakati gani, na hasara hiyo imeandikwa wapi au kwa nini haijaandikwa popote. Uambatanishe na barua pepe yako ya kwanza, mbele ya vyeti.