Nyuso Zenye Giza Mbele ya Ziwa

SWALI: Mhariri mpendwa, kila Jumapili ninawapiga watoto wangu picha kwa simu kando ya Ziwa Kivu, lakini maji hung'aa na nyuso zao hutoka nyeusi. Je, simu yangu ni mbovu? – Mama wa watoto watatu, Bukavu

JIBU: Simu yako ni nzima, mama. Kamera hupima mwanga wa picha nzima, na kwa kuwa maji yanayometa nyuma ya watoto yana mwanga mwingi kuliko nyuso zao, hupunguza mwanga wote hata nyuso zikazama gizani. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu, kisha upandishe alama ya jua ambayo katika simu nyingi hujitokeza pembeni. Ziwa litapauka kidogo, nami naiona hasara hiyo kuwa ndogo. Bora zaidi, ngoja hadi saa 11 jioni, uwageuze watoto ili mwanga uwaangukie usoni, wala usichelewe, maana huku kwetu karibu na ikweta jua likishazama giza huingia upesi. Tena usiwapange mstari kila mara: sogea karibu kabisa, upige vidole vya nyanya yao vikichambua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye sahani, huku mdogo akinyoosha mkono kuiba mmoja.