Barua kwa mwanangu: ile minazi ya babu yako

Mwanangu,

Unauliza kama kugema kunaua mnazi, maana kuna kijana anataka kukodi minazi ya babu yako kule Kaloleni nawe unaihurumia.

Hakuui. Tembo, hiyo pombe ya mnazi, halitoki shinani. Mgema hufunga karara, lile ala la maua ya mnazi, kabla halijapasuka, akakata ncha yake kwa kotama, kisu chake cha kugemea, asubuhi na jioni, likadondoka kibuyuni. Karara hilo halizai tena, basi. Ukitaka nazi, unaacha yanayofuata yapasuke na kungoja kama mwaka mzima zikomae. Kinachobaki ni vidato: jeraha la shina la mnazi halifungi kamwe, ndiyo maana vile alivyokata babu yako mlivipanda nyote utotoni.

Lakini mti si kitu, mwanangu. Niulize habari za mgema. Nimekwambia siku zote: mgema hutazamwa akiwa juu, hasikilizwi akiwa chini.

Ile posa ya mama yako unaijua, ila yeye huisimulia akicheka na mimi sijacheka bado. Tulipeleka kadzama, lile tembo la posa, kwao. Tembo lilipasa kuwa la jana yake, limelala, lina makali. Mgema wetu, yule mwenye maneno ya asali kila akishuka, alikuwa ameliuza lote mangweni, kule kilabuni kwa walevi, akatujazia la alfajiri ile ile, tamu kama soda. Babu yako mzaa mama akaonja, akafuta masharubu, akauliza, "Kwani hapa kuna mtoto anayeumwa?" Wazee walicheka mpaka mmoja akatolewa nje kwa kikohozi. Mimi nimeketi pale na shati jipya, jasho linanitiririka.

Baadaye mgema akasema ni mvua, la jana liliingia maji akalimwaga. Inawezekana, mwezi wa tano hutokea. Tena alikuwa na watoto wa kulisha, na mangweni hulipwa papo hapo. Pengine hata mimi ningekuwa yeye... Hapana. Kadzama ya watu haiuzwi. Na ardhi siku ile ilikuwa kavu, niliitazama kwa macho yangu.

Minazi uliachiwa wewe, uamuzi ni wako. Mimi sisemi kitu. Ila umenieleza yote aliyoyasema huyo kijana, na hukunieleza hata kidogo anavyopanda. Mgema hutazamwa akiwa juu! Nenda Jumamosi jioni bila kumwambia. Angalia kama anakata karara kipande chembamba au anafyeka tu ashuke haraka. Na mwulize tembo lake anauza wapi, na huko kuna leseni? Tangu sheria ya vileo ya 2010, askari wakija huwa hawatofautishi mwenye shamba na mwenye kibuyu.

Ule mnazi wa karibu na kisima usimpe. Mama yako anautaka kwa madafu.

Baba yako