Historia, fasihi, biashara na saikolojia: usizisome kwa staili moja

Nina karatasi moja ya mtihani nimeitunza mpaka leo, ya form five, pepa ya Historia, swali lilikuwa kwanini Vita vya Maji Maji, vile vya 1905 mpaka 1907 kusini mwa Tanganyika, havikufanikiwa kuwaondoa Wajerumani. Niliandika kurasa nne, mwandiko mzuri, vichwa nimevipigia mstari kwa rula, nikapata 7 kati ya 20. Pembeni mwalimu kaandika kwa peni nyekundu, "umesimulia vizuri, swali hujajibu". Siku ile nililia bwenini jamani, kwasababu hii topiki nilijiona naijua kuliko mtu yeyote darasani, bibi yangu mzaa mama ni Mmatumbi, kabila la kule vita ilikoanzia, Maji Maji nimeisikia jikoni kwake kabla sijaiona kwenye kitabu chochote, alafu napewa 7.

O-level nilisoma na biashara na buku kipingi, advansi nikaenda HKL, yani Historia, Kiswahili na Kiingereza, chuo nikasomea ualimu ambako saikolojia hukwepi, na saivi nafundisha, jioni nina wanafunzi wa tisheni. Na kosa langu la form five naliona kwa wanafunzi karibu wote, yani mtu ana masomo manne yenye tabia nne tofauti ila anayasoma yote vilevile, anafungua daftari, anakariri, anakesha, asubuhi anaenda kumwaga alichobeba. Kila somo lina swali lake linalouliza. Ukishalijua lile swali, nusu ya kazi umemaliza. Mi hua nawafundisha kwa kuchukua tukio moja na kulipitisha kwenye masomo yote manne, na tukio langu ni hilohilo la Maji Maji.

Tuanze na Historia maana ndio iliyoniumiza. Yule mwalimu aliniita ofisini akaniambia chukua jibu lako, futa neno Maji Maji, weka vita nyingine yoyote ya kupinga ukoloni Afrika, alafu soma tena. Nikasoma. Halikubadilika kitu! Silaha duni, kukosa umoja, imani kwenye dawa, Wajerumani walikua na jeshi la kisasa. Hizo hoja zinakaa kwenye vita yoyote, na hoja inayokaa popote haimwonyeshi msahihishaji kwamba unaijua vita anayokuuliza. Umoja upi ulikosekana? Wahehe wa Iringa hawakujiunga, na ukiuliza kwanini unarudi nyuma kwa Mkwawa, mtawala wao, ambaye alipigana na Wajerumani miaka mingi mpaka akafa 1898, watu walikua wameshaona gharama ya vita. Silaha duni zilifanya nini, wapi? Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha, hapo ndio unaielewa hoja ya silaha. Kinjeketile mwenyewe, mganga aliyeeneza yale maji ya dawa pale Ngarambe, alinyongwa mapema mwezi huohuo wa Agosti, vita ndo kwanza imeanza, kwahiyo yaliyofuata mpaka 1907 yaliendeshwa na viongozi wa kila sehemu kivyao. Na njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ile iliua watu wengi kuliko risasi.

Unaona tofauti? Historia inauliza KWANINI, na inataka ushahidi. Tarehe peke yake ni msumari tu, lazima uwe na kitu cha kuutundikia. Mi daftari langu la kaunta buku nililigawa safu tatu, ya kwanza kilichotokea, ya pili kwanini, ya tatu nimejuaje, na safu ya tatu ndio inayokutoa kwenye 7. Na soma swali lenyewe jamani, "eleza" sio "jadili", na "kwa kiasi gani" inataka useme kiasi gani, ukiorodhesha sababu sita bila kusema ipi ilikua nzito zaidi umejibu nusu.

Kitu kingine ambacho watu hawakisemi kwa wanafunzi. Wengi wanakariri kwasababu Kiingereza kimewabana, sio kwasababu hawana akili. Unamkuta mtoto anaielezea vita kwa Kiswahili mpaka unasikia raha, mpe aandike, anatoa sentensi za kwenye madesa, zile notsi za kutoa kopi, ambazo hata yeye hazielewi. Ushauri wangu, dakika kumi za kwanza panga hoja kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya rafu, sentensi fupi, "walishindwa kwasababu hiki, ushahidi ni hiki", alafu ndio uivushe kwenda Kiingereza chako cha kawaida. Kiingereza rahisi chenye hoja kinapata maksi kuliko kile kizito ulichokopa.

Fasihi sasa. Hapa kuna tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, wengi tumeisoma shule. Nilipoingia form six nilikua nimeshaijua Historia vizuri, nikafanya kosa la upande wa pili, nikaichambua tamthilia kama vile ni taarifa ya mkuu wa wilaya. Nikaandika sababu za vita. Fasihi haikuulizi vita ilianzaje, inakuuliza mwandishi amekijengaje kitu hiki na kwanini kakijenga hivi. Chukua pale mwishoni, Kinjeketile ameshakamatwa na anatakiwa aseme kwamba maji yalikua uongo, na anakataa. Mwanahistoria anakwambia tu mtu huyu alinyongwa Agosti 1905. Mwandishi anakuweka chumbani na mtu ambaye ameshaona watu wamekufa, mwenyewe ana mashaka, alafu bado hataki kulikana lile neno kwasababu anajua likikanwa kuna kitu kitakufa ambacho ni kikubwa kuliko yeye. Kaa na hiyo sehemu. Isome kwa sauti, na rafiki yako asome upande wa pili, mi na mwenzangu tulikua tunasomea nyuma ya jiko la shule jioni na ndipo nilipoelewa maana ya mgogoro wa nafsi, sio kwenye madesa.

Na ile sentensi ya "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa" naomba muiache kama hujataja kafaulu kwenye nini, ukurasa upi, kwa maneno gani. Ushairi pia, usikariri "shairi lina mizani 16", piga makofi uhesabu, 8 kisha pumzi, 8 tena, na ukifika mshororo ambao makofi hayatoshi jiulize mshairi kakusudia nini. Huo ndio uchambuzi, umeanza kwenye viganja vyako.

Biashara hua inaonekana somo la watu wa hesabu tu, na ndio somo nililolielewa kwa mtu mmoja, mama yangu. Mama alikua anauza vitumbua asubuhi na kila siku alikua analalamika biashara haina faida, hela inayobaki haieleweki. Nilikua form two tumeanza kufundishwa kuandika upande wa kushoto na wa kulia wa leja, mimi sielewi chochote, nakariri tu kipi kinakaa wapi. Jioni moja nikachukua daftari nikamuuliza bei za vitu, hapa nitatumia bei za karibuni ili muelewe. Mchele kilo 3 ni 8,400, mafuta 5,500, nazi mbili 2,000, sukari nusu 1,600, mkaa 2,000, hamira na iliki 1,000. Jumla 20,500. Vinatoka vitumbua 120, kila kimoja 200, ni 24,000. Faida 3,500. Lakini mkononi mama ana 21,600, yani ukitoa gharama anabaki na 1,100 tu. Iko wapi 2,400? Tukakaa pale kwenye mkeka tunatafuta, mpaka mdogo wangu akasema si tunakula asubuhi. Vitumbua 12, kila siku, sisi wenyewe.

Mama alinyamaza, kisha akacheka kwa furaha kabisa, kwasababu miaka yote alidhani biashara yake ni mbovu, kumbe biashara ilikua inamlisha na familia haikuandikwa popote. Kesho yake darasani mwalimu anafundisha matumizi binafsi ya mwenye biashara, mi naona vile vitumbua 12. Toka siku hiyo sikukariri tena. Kila thamani inayotoka mahali inaingia mahali, ndio kanuni ile ambayo Luca Pacioli aliiandika kwenye kitabu chake kilichochapwa Venice 1494, na hata mezani kwa mama ntilie inafanya kazi. Swali la biashara ni hilo, thamani imetoka wapi, imeenda wapi, na nani kabaki nayo.

Sasa lipeleke hilo swali Umatumbi 1905. Mkulima analazimishwa kulima pamba kwenye shamba la jumbe. Siku anazotumia kule hazipo kwenye mtama wake. Malipo ni kidogo sana na mengine yanaishia kwa wasimamizi. Kodi anadaiwa palepale na kwa hela taslimu. Andika hesabu ya yule mkulima, kushoto na kulia, utaona kila safu inamnyang'anya yeye. Ndio maana vita ilianza Nandete kwa watu kung'oa miche ya pamba, hawakuanza kwa kuchoma nyumba ya mtu, waling'oa kile kitu chenyewe kilichokua kinawala. Nilipomwonyesha hivi binti mmoja wa tisheni anayesoma Historia na Uchumi alinyamaza kama mama alivyonyamaza.

Saikolojia ndio somo nililopata supu, yani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani, nasema wazi ili mtu aliyeko mwaka wa kwanza asikate tamaa. Nililisoma kama orodha ya majina, Pavlov mbwa, Skinner zawadi, Piaget hatua nne, Maslow piramidi, bumu, hela ya mkopo wa chuo, likiingia nalipia kutoa kopi madesa ya watu. Pepa ikaja na kisa, mtoto fulani darasani anafanya hivi na hivi, eleza. Nikamwaga majina. Supu.

Kilichonitoa ni mtu mmoja kwenye yaleyale madesa niliyokua nakariri, Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, ambaye alijifanyia majaribio mwenyewe, anajifunza silabi zisizo na maana, anasubiri, anapima amesahau kiasi gani, na matokeo akayachapisha 1885, mwaka uleule Mkutano wa Berlin wa Wazungu kugawana Afrika ulipomalizika, sijui kwanini hilo lilinishika lakini mpaka leo sijasahau. Alionyesha kwamba kusahau kunakimbia sana mwanzoni, saa za kwanza tu, alafu kunapunguza kasi. Na mwaka 2006 wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, wakawapima wanafunzi, wengine wanarudia kusoma, wengine wanafunga na kujipima. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikua mbele. Baada ya wiki waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Nilivyosoma pale nikaona maisha yangu yote ya kukesha, yani nilikua nasoma usiku ule nakuta najua kila kitu, najiamini, kumbe najipima kwenye zile dakika tano. Kuanzia hapo nikawa nikimaliza mada nafunga daftari, nachukua karatasi tupu naandika ninachokumbuka, nafungua naona nilichoruka, kesho narudia, baada ya siku tatu narudia, baada ya wiki. Inachosha na inauma kwasababu unaona mapengo yako. Supu niliifanya nikapita.

Na swali la saikolojia? Binadamu wa kawaida, akiwa kwenye hali hii, kwanini anafanya hivi, na tumejuaje. Darasani nikiuliza kwanini watu waliamini maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya nyonyo yatageuza risasi kua maji, siku zote kuna mwanafunzi anajibu "walikua hawana elimu". Hapo hua nasimama kabisa. Mwanasaikolojia Solomon Asch miaka ya 1950 Marekani aliwakalisha wanafunzi wa chuo, wasomi, akawaonyesha mistari ambayo mtoto anaona upi ni mrefu, ila wenzao wote chumbani walipangwa waseme jibu la uongo, na karibu theluthi ya majibu yao yalifuata kundi. Na hapo hakuna anayewadai kodi, hakuna kiboko. Usiseme Asch ameeleza Maji Maji, hajaieleza, aliwapima vijana wa kiume wa Marekani na mwanasaikolojia mzuri anataja hilo wazi, lakini amekufungia mlango wa kumwita babu yako mjinga.

Bibi yangu alihadithiwa haya na mama yake, na kila akifika pale kwenye foleni ya watu wanapewa maji alikua anaacha kupepeta mchele, anaweka ungo chini. Nikiwa mdogo nilimuuliza bibi, kwani hawakujua risasi inaua? Akaniangalia akasema "walijua, mjukuu wangu. Na wewe ungekuwepo ungekunywa." Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo na jibu lake bado nalipa nafasi ya kwanza.

Basi kama una pepa wiki ijayo, usiku wa leo usifungue madesa. Chukua karatasi tupu, juu andika mada moja, chini yake andika swali ambalo somo hilo linauliza, alafu andika unachokijua bila kuchungulia, kwa Kiswahili, hata kama ni mistari mitano. Hiyo mitano ndio unayoijua kweli. Kesho anzia hapo.