Azima mtu mwingine: maswali ya wacheza gemu za kupigana

Tangu likizo ianze, barua nyingi zilizonifikia zinagusa jambo moja. Kwenye vibanda vya gemu hapa Uganda tunaulizana "mtu wako ni nani?", yaani mhusika unayemchezea ndani ya gemu, na kila mmoja ana jibu alilolibeba tangu utotoni. Sasa wengi wanataka kujua kama ni vizuri kumwacha mtu huyo na kushika mwingine. Nimejibu kwa kirefu palipohitaji. Pengine jibu lilikuwa fupi, nami nikaliacha fupi.

Nacheza Tekken 7. Mtu wangu ni Eddy tangu enzi za Tekken 3, nilimrithi kwa kaka yangu. Hapa Bombo hakuna anayenisumbua. Juzi nilikwenda Wandegeya nikapigwa mechi sita mfululizo na kijana ambaye hakufanya lolote la maana. Anakinga, anasubiri, ananipiga ngumi mbili, anakinga tena. Nimwache Eddy? (Msomaji wa Bombo)

Usimwache. Mweke kando kwa wiki tatu.

Lakini kwanza nikutoe kwenye hilo la "hakufanya lolote la maana". Kijana huyo alicheza gemu yenyewe. Eddy anapigana kwa capoeira ya Brazil. Mateke yake yanatoka pembeni, chini na kichwa-chini-miguu-juu, na jicho lisilomzoea halijui lisimame au lichutame. Jirani zako wa Bombo wamekuwa wakipigwa na mshangao huo. Yule wa Wandegeya alikwisha kuuzoea, na mshangao ulipoisha hukubaki na kitu kingine mkononi.

Tekken huhesabu kwa fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana kwenye skrini, na kuna fremu 60 katika sekunde moja. Ngumi fupi ya wahusika wengi hufika kwa fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Ukirusha teke likakingwa, na teke hilo likakuacha nyuma kwa fremu 10 au zaidi, basi ngumi yake itakufikia tu, hata ukishikilia kukinga kwa nguvu zako zote. Mateke mengi ya Eddy yana deni hilo. Zile ngumi mbili ulizoziona ndogo ndizo malipo, na alikulipisha kila mara.

Kwa hiyo chukua Kazumi. Hana maajabu: ana ngumi fupi nzuri, teke la chini la kuchokoza, na mapigo ya kati yanayomkomesha aliyechutama. Hatakuficha. Ukisimama mbali kuliko inavyotakiwa utakosa, na ukikinga vibaya utaumia.

Nakuambia hivi kwa sababu yalinipata. Mtu wangu alikuwa Hwoarang, mzee wa mateke. Nilipoanza Kazumi, kwenye kibanda kimoja Kibuli asubuhi kabla watu hawajajaa, niligundua jambo lililonikosesha raha siku nzima. Kwenye padi ya PlayStation, kile kidude cha mkononi chenye vitufe, mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Kidole gumba changu kilikuwa kinashuka chenyewe kwenye eksi na duara kabla sijaamua chochote. Mpinzani akisogea, kidole kinashuka. Akirudi nyuma, kinashuka. Miaka yote ile nilidhani ninafikiri, kumbe kidole kilikuwa kimekariri. Kwa Kazumi mateke hayo hayakuwepo, nikalazimika kumtazama aliye mbele yangu ndipo nibonyeze. Huko kutazama nilirudi nako kwa Hwoarang, na ndicho kitu pekee nilichokileta.

Ukimrudia Eddy baada ya wiki tatu utamwona kama anavyoonwa na anayemkinga. Utajua ni teke gani la kutunza kwa ajili ya mara moja tu.

Kuna jamaa hapa Jinja anacheza King. Akininasa nimekwisha, ananipindua, ananibeba, ananibwaga, mpaka raundi inaisha na mimi niko hewani. Watu wananishauri nicheze mbali naye. Ni sawa? (Fundi wa simu, Jinja)

Kucheza mbali kutakusaidia jioni moja. Mwache mtu wako, umchukue King mwenyewe kwa siku kumi.

Ukiwa upande wa pili, King anaonekana mchawi. Ukimshika wewe utagundua kwamba karibu kila mnaso una mlango wa kutokea, na mlango huo unaonekana kwenye mikono yake. Mkono wa kushoto ukitangulia, anayenaswa anajitoa kwa mraba. Wa kulia ukitangulia, ni pembetatu. Mikono yote miwili ikija pamoja, anabonyeza vyote viwili. Una muda usiofika nusu sekunde. Ukisoma hivyo kwenye karatasi unasema haiwezekani. Lakini ukimnasa mtu mara mia mbili kwa mikono yako, unakuwa umeiona mikono hiyo mara mia mbili, nawe umetulia kwa sababu si wewe unayebebwa.

Utajifunza na la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: hofu za King. Utaona jinsi unavyokereka mpinzani anapochutama, mnaso wa kawaida wa kusimama ukapita juu ya kichwa chake, naye akainuka na kukurusha. Utaona unavyohangaika kumkaribia mtu anayekuzuia kwa ngumi fupi. Yaandike kwenye daftari. Siku ya kumi na moja unamjua jamaa yako kuliko anavyojijua.

Mwaka 2004, huko California, Daigo Umehara wa Japani alikuwa anacheza Ken kwenye Street Fighter III dhidi ya Justin Wong wa Marekani aliyekuwa na Chun-Li. Ken alikuwa amebakiza uhai wa uzi. Chun-Li akaachia mateke yake 15 ya mfululizo, na hata kuyakinga tu kungemmaliza, maana kila teke linalokingwa hukwangua uhai kidogo. Njia ilikuwa moja: kusukuma mbele, kuelekea kwenye teke, sawasawa na sekunde linapotua. Alifanya hivyo kwa mateke yote 15, kisha akashinda raundi ile. Mtu hawezi kuufuata mdundo wa mateke ya Chun-Li kama hajaishi na Chun-Li muda mrefu.

Rafiki yangu anasema mimi ni kigeugeu. Nikipigwa nikiwa na Law nachukua Paul, nikipigwa tena nachukua Bryan. Si ndiyo kubadilisha mnakosema kunasaidia? (Msomaji wa Busia)

Hapana, mdogo wangu. Huko ni kukimbia. Unabadilisha mtu ili usikae na kosa. Kosa lenyewe linakufuata, kwa sababu lilikuwa lako na halikuwa la Law.

Amua kabla hujashika padi: leo nacheza huyu mechi kumi, nishinde nisishinde. Ukipigwa ya tatu, baki. Kati ya mechi na mechi jiulize swali moja tu, nimepigwa na nini? Kama jibu ni "teke la chini", basi hilo ndilo somo la jioni hiyo, na mtu mpya hatakufundisha kuchutama.

Kuna utafiti wa zamani wa mwaka 1979, wa Shea na Morgan wa Marekani, kuhusu namna watu wanavyojifunza miondoko ya mikono. Washiriki walipewa mifuatano mitatu tofauti ya kuangusha vizuizi vya mbao kwa haraka. Kundi moja lilimaliza mfuatano mmoja ndipo likaenda kwa mwingine. Kundi la pili lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, waliochanganyiwa walikuwa wazito zaidi. Walipopimwa tena baada ya siku kumi, wao ndio waliokumbuka vizuri. Napenda utafiti huu kwa sababu unampa moyo anayepigwa: unaweza kuonekana mbaya leo na bado ukawa unajifunza. Ila angalia, mchanganyiko wao ulipangwa. Hakuna aliyebadilishiwa zoezi kwa sababu amenuna.

Nikishika mtu mpya vidole vinachanganya, na nikirudi kwa wangu nimesahau kombo zake, yale mapigo ya mfululizo. (Arua)

Itakupata kwa siku mbili tatu, kisha inapita. Dakika kumi za mwisho za kila jioni mpe mtu wako wa zamani.

Hapa Kisenyi mechi ni shilingi 500 na anayeshindwa anaachia padi. Nikichukua mtu nisiyemjua napigwa dakika moja na pesa imekwenda. Hayo mazoezi yenu ni ya wenye PlayStation nyumbani. (Kijana wa Kisenyi)

Hii ndiyo barua iliyonigusa zaidi, kwa sababu ni kweli. Kibanda cha jioni kinamfundisha mtu kuogopa jipya. Shilingi 500 ni chapati, na hakuna anayetaka kutupa chapati.

Jioni usijaribu. Jioni cheza mtu wako, linda padi yako. Nenda asubuhi, saa tatu au saa nne, wakati mwenye kibanda anafagia na skrini zimelala. Kodi yake inakwenda iwe kuna watu au hakuna, kwa hiyo atakusikiliza. Usinunue mechi, nunua saa nzima, na mwende wawili mgawane. Mkubaliane mapema kwamba yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati, dakika zenu zinarudi. Kisha ingieni sehemu ya mazoezi, ambayo jioni huwezi kuigusa kwa sababu ya foleni. Humo unaweza kumwagiza yule wa kompyuta arudie pigo lile lile linalokumaliza, mara hamsini, nawe ukajaribu majibu mpaka upate linaloshika. Saa moja ya hivyo ni bora kuliko mechi kumi za jioni.

Na unapokaa kwenye benchi kusubiri zamu, usitazame skrini tu. Tazama vidole vya anayecheza mtu unayemwogopa. Hiyo ni bure.

Sisi hapa tunacheza Street Fighter, siyo Tekken. Nianzie wapi kubadilisha? (Gulu)

Chukua watatu: Ryu, Guile na Zangief. Wote wapo tangu Street Fighter II ya mwaka 1991, ilipokuwa na wahusika wanane tu wa kuchagua, na kila mmoja ni shule ya aina yake. Ryu anakufundisha umbali: lini kurusha moto, lini kupiga mkono, lini kungoja mwenzako aruke. Guile anakufundisha subira, kwa kuwa lazima ushikilie nyuma kwanza ndipo bomu lake litoke mbele, na ukiwa na papara hutoi kitu. Zangief ni mwendo mrefu. Anazungusha kidude cha padi mduara mzima ili kumbwaga mtu, lakini lazima afike karibu kwanza, na njiani anapigwa. Ukimcheza Zangief mwezi mmoja, utajua kutembea na kukinga kwa zamu. Watu wengi walioanza na Ryu hawajawahi kujifunza kutembea.

Mwanangu wa kidato cha pili anashinda kwenye gemu. Nikimgombeza ananiambia "mama, leo nilikuwa nabadilisha mtu, ninajifunza". Ananidanganya? (Mama, Mbale)

Shikamoo mama. Kama anasema anajifunza Tekken, hajakudanganya. Kama anataka uamini anajifunza hesabu, hapo amekuzidi ujanja, maana ustadi wa padi unakaa kwenye padi. Mpangie saa, na saa ikiisha imeisha. Ila siku moja mwulize, "Leo ulipigwa na nini?" Akikueleza hatua kwa hatua jinsi alivyopigwa na kwa nini, alikuwa anafikiri. Akikuambia "yule jamaa ana bahati", alikuwa anapoteza muda wako na wake.

Mwezi ujao tuna mashindano ya Tekken hapa chuoni Kampala. Niende na watu wangapi mfukoni? (Mwanafunzi, Makerere)

Mmoja. Wa pili kama tayari unaye, usianze kumtafuta sasa.

Mwaka 2019, Arslan Ash, kijana wa Lahore nchini Pakistan, alishinda EVO, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ile ya Japani mwezi wa pili na EVO ya Las Vegas mwezi wa nane. Silaha yake iliyojulikana mwaka huo ilikuwa Kazumi. Fainali ya Las Vegas alimkuta Knee wa Korea Kusini, mtu anayesifika duniani kwa kuwa na wahusika wengi wa kiwango cha juu. Wawili hao walifika fainali ile ile kwa njia mbili, lakini kila mmoja alijua anachokabiliana nacho. Ujuzi huo wa watu wa wengine ndio unaoweza kuuongeza ndani ya mwezi mmoja.

Fanya hivi. Andika majina ya watu wanaochezwa sana hapo chuoni. Nina hakika hawazidi saba. Kila jioni mchukue mmoja, cheza mechi tano ukiwa yeye, na kwa mechi tano za mwisho mpe mwenzako huyo huyo umkabili kwa mtu wako. Wiki ya mwisho funga yote, baki na wako peke yake. Na padi utakayochezea siku hiyo anza kuitumia leo, usingoje asubuhi ya mashindano ndipo ugundue kwamba pembetatu yake inakwama.