Hedifoni za mgongo wazi: zichague kwa wimbo unaoujua

Juma lililopita niliweka mtandaoni picha ya meza yangu ya kazi, na tangu hapo ujumbe haukatiki. Mmoja umenigusa, wa kijana wa Mbeya: "Kaka, nina laki tatu, nimezichanga kwa shida. Nataka hedifoni za waya, zile za mgongo wazi kama zako, nisikie kila kitu kilichomo kwenye muziki. Ninunue zipi?" Nimeona nimjibu hadharani maana hayuko peke yake. Wewe unayesoma hapa huenda nawe umeshachoka na visikilizio vya Bluetooth vinavyopiga besi mpaka maneno ya mwimbaji yanazama.

Picha ile niliiweka kwa furaha. Kikundi kimoja cha taarab cha Tanga kilirekodi kazi yake kwingine, watu wakaisifu, lakini mpiga ganuni wao, mzee wa rika la baba yangu, hakuridhika. Alisema kuna kitu kinamkera sikioni ila hawezi kukitaja. Akaniletea faili. Nikamwambia, "Mzee wangu, niachie mpaka kesho." Usiku nikazima feni, nikavaa hedifoni, nikausikiliza wimbo ubeti kwa ubeti. Kwenye kibwagizo cha pili nikakipata: fidla ya upande wa kushoto ilikuwa imekatwa na kuunganishwa, mvumo wa uzi ukakoma kabla haujatulia. Ni kosa la kufumba na kufumbua. Kesho yake nilipomsikilizisha alinishika mkono akasema, "Ndicho hicho, mwanangu." Albamu nzima wamenipa niichanganye upya.

Najivunia kazi ile, wala sifichi. Studio niliyoanzia kazi, bosi alikuwa akinikebehi mbele ya wateja kwa sababu ya hedifoni hizihizi. Hedifoni gani zinavuja sauti! Hazina besi! Za kitoto! Akamwambia mteja mmoja asiniachie kazi yake kwa kuwa sina sikio. Miaka imepita, na neno lile bado linanichoma. Namshukuru yule mzee wa Tanga kuliko anavyojua.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Hedifoni nyingi za madukani zimezibwa nyuma. Spika ndogo iliyomo ndani inasukuma hewa pande mbili: mbele kuelekea sikio, na nyuma kuelekea ganda. Ile ya nyuma ikigonga ganda inarudi na kujichanganya na ya mbele, ndipo sauti inapokuwa kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Za mgongo wazi zina wavu mahali pa ganda. Sauti ya nyuma inatoka na kwenda zake. Ala zinaachana, unasikia udi uko wapi na akodiani iko wapi, na mwimbaji anapata nafasi yake. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilianza kuziuza mwaka 1968, modeli ya HD 414 yenye sponji za njano.

Gharama yake ni kwamba kinachotoka kinatoka na kinachoingia kinaingia. Jirani kitandani atasikia wimbo wako, na wewe utasikia bajaji, jenereta na feni. Besi ya chini kabisa nayo hupungua, kwa sababu hakuna ganda la kuibana. Kwa hiyo kama muziki wako mwingi unausikiliza kwenye daladala, usinunue aina hii, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Nunua kama una chumba na saa ya utulivu. Kwa sisi wa pwani kuna faida nyingine: masikio yanapata hewa. Tafuta zenye pedi za mahameli, kwa sababu ngozi bandia kwa jasho na joto la Dar huanza kubanduka magamba, nawe utabaki unajifuta vipande vyeusi shingoni.

Hapa ndipo penye ushauri wangu wote. Chagua kwa wimbo unaoujua. Usichague kwa maneno ya muuzaji wala kwa namba zilizo kwenye boksi. Ingia dukani na wimbo mmoja ambao unaweza kuuhadithia ukiwa umefumba macho, kuanzia ala ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi natumia rekodi ya dansi yenye magitaa matatu, solo, rithimu na besi, pamoja na tarumbeta. Nalifuata gitaa la rithimu peke yake. Tarumbeta zikiingia, je, bado nalisikia, au limefunikwa? Likipotea, navua hedifoni na kuzirudisha. Halafu naenda kwa mwimbaji, nazisikiliza herufi "s" na "sh". Zikichoma sikio, ujue sauti za juu zimepandishwa ili zikuvutie kwa dakika mbili za dukani. Nyumbani baada ya saa moja utaumwa kichwa. Watu wengi huita ukali ule "sauti safi". Si usafi, na kwa hili nabishana na yeyote.

Mwisho wa yote nasikiliza mwisho wa wimbo, pale ganuni au gitaa linapofifia. Hedifoni nzuri itakufikisha mpaka uzi unyamaze wenyewe.

Usiombe maajabu kwenye rekodi isiyokuwa nayo. Rekodi za Siti binti Saad za mwaka 1928, zilizofanywa Bombay, zina mkondo mmoja tu wa sauti. Kushoto na kulia utasikia kilekile, pamoja na mikwaruzo ya santuri. Mimi nazipenda hivyohivyo, ila si za kupimia hedifoni. Kadhalika faili iliyobanwa mara tatu ikizunguka WhatsApp. CD hubeba takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ukibana mpaka kilobiti 128 kuna vitu vimeshatupwa, na hakuna hedifoni itakayovirudisha. Tafuta FLAC, aina ya faili inayobana bila kutupa kitu, au angalau ya kilobiti 320.

Sasa kuhusu modeli, nitasema kwa kifupi. Kijana wangu wa Mbeya, kama unasikilizia simu, anza kutafuta Philips SHP9500. Ina ukinzani mdogo, omu 32, simu inaiendesha bila shida, na waya wake unachomoka, ukikatika unanunua mwingine. Ukiongeza pesa, Sennheiser HD 560S, omu 120, ambayo kwa maoni yangu inasema ukweli zaidi kuhusu sauti za kati. AKG K702 huzitandaza ala kwa nafasi pana, lakini mpenda mdundo atalalamika. Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250 ni imara na ina mahameli mazuri. Sauti zake za juu ni kali, na mimi siwezi kukaa nayo muda mrefu. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, ndiyo niliyoitumia kwenye kazi ya Tanga. Omu 300. Karibu kila sehemu yake inang'oka na kubadilishwa, ndiyo maana watu wanazirithishana.

Namba hizo za omu zisikutishe, ila usizipuuze. Ukichomeka hedifoni ya omu 300 kwenye simu ya kawaida, sauti itakuwa ndogo na nyembamba, nawe utasema hedifoni ni mbovu kumbe simu haina nguvu ya kuisukuma. Hizo zinahitaji amplifaya, kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti. Na simu nyingi siku hizi hazina tundu la pini ya milimita 3.5, basi utahitaji adapta ya USB-C yenye kigeuzi ndani yake, cha kubadili sauti ya kidijitali iwe ya kusikika kwenye hedifoni. Ingiza gharama hiyo kwenye laki tatu zako kabla hujaingia dukani.

Lakini ndugu zangu, tumeacha kusikiliza. Naliona studio kila siku. Kijana anakuja na wimbo wake mwenyewe, anauliza tu kama utapiga kwenye gari. Wazee wetu walikaa miaka wakijifunza pa kuuweka mlio mmoja wa ganuni, na sisi tunaufunika kwa besi tukidhani tumeusaidia. Kaa na wimbo mmoja wiki nzima. Mfuate mpiga ala mmoja leo, kesho mfuate mwingine. Anayeujua wimbo wake hadanganywi na muuzaji, wala na bosi anayemwambia hana sikio. Narudia: wimbo unaoujua.

Na usipandishe sauti ili kushindana na feni. Hedifoni hizi zinakushawishi kufanya hivyo kwa sababu kelele za nje zinapenya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila unapoongeza sauti saa hizo zinapungua haraka. Sikio likiharibika haliuzwi Kariakoo.

Ukifika kununua, kuwa mgumu. Feki ni nyingi, na boksi zake ni nzuri kuliko za halali. Cheza upande wa kushoto peke yake, kisha wa kulia, sauti zilingane. Pinda waya polepole karibu na pini huku wimbo unapiga. Zikikatakata, weka chini. Zivae dakika kumi bila kuzivua uone kama zinabana taya, hasa ukiwa na miwani. Ulizia pedi na waya wa akiba hapohapo. Muuzaji akikukatalia kujaribu kwa wimbo wako mwenyewe, rudisha hela mfukoni uende duka linalofuata.